Nani Hayupo Leo?

Ukitaka kujua ni nani hajaonekana wiki hii huku Suneka, kaunti ya Kisii, usianzie kwa chifu. Chifu ana eneo kubwa, na mezani kwake kesi za mipaka ya mashamba hazijawahi kwisha. Usianzie pia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana huko anayenyamaza hudhaniwa ameishiwa na bando. Mtafute karani wa darasa la Shule ya Sabato. Huyo anajua.

Kwa msikilizaji asiye Mwadventista, nieleze kidogo. Sabato asubuhi, kabla ya mahubiri, waumini hugawanyika katika madarasa madogo. Wengine hubaki kwenye mabenchi ya kanisani, wengine hutoka nje wakakaa chini ya mti. Kabla ya mjadala wa lesoni, yaani somo la wiki, karani hutoa kadi na kalamu. Anaandika waliofika na wasiofika. Anauliza nani alisoma lesoni kila siku. Kisha anauliza: wiki hii nani alimtembelea mgonjwa? Nani alimsaidia mwenye shida? Mikono inainuka. Mmoja anainua juu kabisa ili aonekane, mwingine anainua nusunusu, hana hakika kama nusu kilo ya sukari aliyompelekea jirani inahesabika. Inahesabika. Karani anaandika namba, darasa linaendelea.

Kwa Wakatoliki mambo huenda hivyo hivyo kwa njia nyingine. Wao wana jumuiya ndogo ndogo, nyumba kadhaa za jirani zinazokutana kila wiki, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Jumuiya hizo hazikuota zenyewe. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba kanisa la kijiji lianzie kwenye vikundi hivyo. Uamuzi ule wa maaskofu ukateremka hadi sebuleni. Ukikosa jumuiya mara moja watasema ulikuwa na shughuli. Ukikosa mara tatu, kuna mtu atabisha hodi.

Haya yote nimeyataja kwa sababu jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kusaidiana ndani ya dini. Tukilitaja jambo hilo, wengi wetu akili hukimbilia pesa: bahasha, sadaka, harambee, namba ya Paybill iliyobandikwa ukutani. Mimi nadhani pesa ndiyo sehemu dhaifu ya msaada wa kanisa. Serikali ina pesa nyingi kuliko kanisa, hata kama hatuzioni. Mashirika nayo yana pesa. Kitu ambacho kanisa la kijijini linacho, na ambacho ofisi yoyote ya Kisii mjini ingekilipia ghali kama kingeuzwa, ni kujua nani hayupo. Lakini tunajua halafu hatufanyi lolote. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Turudi nyuma kidogo. Wakatoliki wa Mill Hill walianza misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata upesi pale Nyanchwa. Mwanzoni Wakisii hawakuwa na shukrani nyingi kwa yeyote kati yao, na walikuwa na sababu, kwa kuwa mzungu wa Biblia na mzungu wa kodi walifika karibu wakati mmoja, na bunduki za misafara ya 1905 na 1908 zilikuwa hazijasahaulika. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii, wenyeji waliona mamlaka imeondoka, wakaupora mji na misheni pia. Ndiyo, misheni. Wajukuu wa watu wale ndio leo wanaojaza viti vya mbele. Huku kwetu upande wa Bonchari, Walutheri kutoka Uswidi walifika Itierio mwaka 1948, na hapo ndipo Kanisa la Kilutheri la Kenya linapohesabu mwanzo wake. Sisi watu wa Suneka tunapita Itierio kila siku bila kukumbuka kwamba kanisa zima la nchi lilianzia kwa jirani yetu.

Lakini wamisionari hawakutukuta hatujui kusaidiana. Kulikuwa na risaga. Majirani wa kilima kimoja walikwenda pamoja kwa shamba la mtu mmoja, wakalima au wakapalilia wimbi, na mwenye shamba akawapikia pombe. Kulikuwa na egesangio, kikundi kidogo zaidi, watu wachache wanaopokezana kazi leo kwangu, kesho kwako. Kanisa lilipokataza pombe, mwumini hakuweza tena kuita risaga kwa njia ya zamani. Kilichobaki ni mkono wa jirani, na huo ukahamia kanisani. Ukiwaona akina mama wa Dorkasi wamejifunga leso, wanakata majani ya ng'ombe wa mama mwenzao aliyelazwa hospitalini, unayoyaona ni mambo mawili yaliyooana. Moja ni la Yafa, la Dorkasi, yule mwanamke wa kitabu cha Matendo aliyewashonea wajane nguo. Jingine ni la hapa hapa kilimani, lilikuwepo kabla ya Nyanchwa.

Nikae kidogo na hao akina mama, maana wanastahili. Chama cha kwanza cha Dorkasi cha Waadventista kilianzia Battle Creek, Marekani, mwaka 1874, na wanawake wale walishona nguo na kuwapelekea chakula maskini. Siku hizi kanisa lina majina marefu ya idara kwa kazi hiyo, lakini Mkisii wa kawaida bado anasema Dorkasi. Ziara yao inafanana karibu kila mahali. Wanakuja watatu au wanne, mchana baada ya ibada au jioni ya siku ya kazi. Mmoja ana sukari na sabuni ndani ya mfuko, mwingine ana majani ya chai au mboga, chinsaga zilizofungwa kwa kamba ya mgomba. Wanaimba ubeti mmoja au miwili mlangoni. Wanaomba. Kisha, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, mmoja wao anaingia jikoni bila kuulizwa. Anatazama. Kuna kuni? Kuna maji? Sufuria ina masizi ya leo au ya juzi? Hakuna fomu ya kaunti inayouliza swali la sufuria. Na mgonjwa ambaye angemwambia afisa wa serikali kwamba yuko sawa, hawezi kumdanganya mwanamke aliyekwisha kuona jikoni kwake.

Sasa tuje kwa ugomvi.

Mtu akifariki Suneka, jamii huamka. Kamati inaundwa jioni ile ile. Hema linatafutwa, viti, kipaza sauti, gari la kuubeba mwili kutoka mochari. Kwaya inapanga nyimbo. Siku inachaguliwa kwa kuheshimu kila dhehebu, maana Waadventista hawapangi maziko siku ya Sabato, na katika ukoo mmoja hukosi Mwadventista. Mchango unasomwa kwa sauti: jina, kiasi, na pale ambapo kiasi ni kikubwa, makofi. Siwacheki wanaofanya hivyo. Maziko kwetu ni jambo la ardhi na la ukoo, mtu anarudishwa nyumbani, na anayewaona wafiwa wakishikwa mkono na watu mia nne hawezi kusema ni upuuzi.

Sasa mtazame yule yule miezi minane kabla hajafariki. Figo zimekataa kazi. Anatakiwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika Hospitali ya Rufaa ya Kisii. Safari kutoka Suneka si ndefu, matatu ni nyingi barabara ile ya Migori, lakini nauli ya mara mbili kwa wiki, ya mgonjwa na ya anayemshika mkono, kwa miezi na miezi, hula mbuzi, kisha hula ng'ombe, kisha hugusa karo ya mtoto. Wiki mbili za kwanza nyumba imejaa wageni. Mwezi wa tatu wamebaki mchungaji na Dorkasi wawili. Mwezi wa sita, kwenye kadi ya darasa, karani anaandika tu kwamba hayupo. Ameandika hivyo kwa wiki nyingi hata jina limeanza kuzoeleka katika safu ile. Na siku atakapofariki, hema litakuja.

Tunatoa upesi pale penye kipaza sauti. Ugonjwa mrefu hauna kipaza sauti. Hauna siku yake kwenye kalenda ambayo mtu anaweza kuvaa suti akaja.

Kipaza sauti kina wateja wake wengine pia. Novemba 2024 Rais William Ruto alikwenda Kanisa Katoliki la Soweto, kule Nairobi, akatoa shilingi milioni mbili na laki sita, za nyumba ya padri, kwaya na baraza la parokia, akaahidi milioni tatu zaidi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema jimbo lake limezikataa na zitarudishwa. Nchi nzima ilijadili. Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2024, vijana wa maandamano walikuwa wameanza kuyauliza makanisa waziwazi kwa nini yanawapa wanasiasa madhabahu. Wengine walisema askofu amefanya vizuri kwa sababu hujui pesa za siasa zimetoka wapi. Hoja hiyo ina uzito wake, siipingi.

Mimi nina hoja ndogo zaidi, ya kijijini. Pesa kubwa huua pesa ndogo. Kwenye harambee ya kanisa la kwetu, mama huleta mkungu wa ndizi, mwingine kuku, vinapigwa mnada, na vijana hupandishiana bei kwa kicheko hadi kuku wa shilingi mia tano afike elfu tatu. Pale watu wanatoa kwa sababu wanahitajika. Mheshimiwa akishuka kwenye gari na bahasha ya laki tano, kuku anabaki amefungwa miguu kwenye ngazi ya madhabahu na hakuna anayemwulizia. Mwaka unaofuata yule mama hatahangaika. Atasubiri mheshimiwa. Na mheshimiwa atajenga ukuta, ataezeka paa, lakini hatakwenda kutazama sufuria ya mtu.

Katika hili la kutoa nadhani Waislamu wametupita kwa utaratibu. Kisii mjini wapo tangu zamani, baadhi yao wazao wa askari Wanubi walioletwa na ukoloni. Zaka yao ina kipimo: mbili na nusu kwa mia ya mali iliyotimiza kiwango na kukaa mwaka. Wanaostahili kupokea wametajwa katika makundi manane. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, ili maskini naye aamke siku ile akiwa na chakula. Kipimo kikishajulikana hakuna haja ya kumtangaza aliyetoa, maana ametoa kilichokuwa haki ya mwingine. Sisi Wakristo tuna fungu la kumi, na tunalipeleka kwa bidii, lakini hilo lina matumizi yake. La maskini tumeliacha kwa moyo wa mtu, na moyo wa mtu hupenda makofi.

Sitaki kusema kanisa la Gusii halijui kufanya mambo makubwa. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, watu wetu waliofukuzwa Bonde la Ufa walirudi na magodoro vichwani, na mpaka wa Borabu na Sotik ukawaka moto. Wengi hawakukaa kambini muda mrefu kwa sababu walipokelewa na jamaa, shemeji, watu wa kanisa moja. Unga na mablanketi vilipita mikononi mwa makanisa bila kuuliza nani ni wa dhehebu gani. Mtu akija na godoro kichwani, haja yake inaonekana. Shida iko kwa yule ambaye haja yake haionekani, na zaidi kwa yule ambaye hatutaki kumwona.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu mtaniandikia kwa hasira. Mniandikie tu. Oktoba 2021 huko Marani, katika kaunti hii hii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 2008 pia, mwezi wa Mei, wazee zaidi ya kumi wa Kisii waliuawa hivyo hivyo. Viongozi wa dini walilaani, polisi walikuja, magazeti yaliandika. Kisha tukanyamaza. Lakini kaunti hii imejaa makanisa hadi kwenye kila kona ya barabara. Umati unaomtoa nyanya wa miaka themanini ndani ya nyumba yake haukodishwi kutoka nchi nyingine. Baadhi ya mikono ile imewahi kushika kitabu cha nyimbo.

Na tuhuma haianzi usiku wa moto. Inaanza kwa kutoweka kidogo kidogo. Mama mjane ana kipande cha ardhi ambacho mtu anakitamani, au mtoto wa jirani ameugua ghafla, au macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na hilo tu linatosha. Watu wanaacha kumsalimu kisimani. Hakaribishwi kwenye arusi. Kanisani mtu anahama benchi. Mwisho anaacha kuja. Karani anaandika: hayupo. Ningekuwa mzee wa kanisa, hilo ndilo jina ambalo ningelitafuta siku ile ile, kabla ya majina mengine yote, nikaenda na watu wanne wenye heshima kijijini, mchana kweupe, tukakaa uani kwake, tukanywa uji wake kila mtu akiona. Uji ule mdogo ungemlinda kuliko tamko lolote la kulaani. Jirani anayepanga mabaya angejua kwamba huyu ana watu, na watu hao watauliza.

Kazi hii haihitaji bajeti. Inahitaji mtu kuthubutu kuonekana na asiyetakiwa, na katika jamii ndogo hiyo ni gharama kubwa. Ninajua. Ndiyo maana kazi hiyo haiwezi kupewa mtu mmoja peke yake, ni lazima iwe ya kundi.

Kisha kuna jambo la pesa ambalo, licha ya yote niliyosema, sitalikwepa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuna bima ya afya ya SHA mahali pa NHIF. Anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, yaani wengi wetu huku, hukadiriwa kwa hali ya maisha yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini halipi kila mwezi kama zamani, anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo wazee wetu wanapokwama. Mia tatu mara kumi na mbili ni elfu tatu mia sita. Kwa mama anayeuza ndizi sokoni, kuzipata hizo kwa siku moja ni mlima. Kwa darasa la Shule ya Sabato la watu kumi na wawili, ni shilingi 300 kila mmoja, mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya mzee mmoja wa darasa lao. Kwa jumuiya ya nyumba kumi na tano, hata hazifiki 250 kwa nyumba. Hema na viti vya siku moja ya maziko mara nyingi hupita hapo.

Wako wanaosema kwamba hiyo ni kazi ya serikali, na kanisa likilipa, serikali italala. Ninawasikia. Ninalipa kodi mimi pia na ningependa kuiona ikifanya kazi. Lakini mzee mwenye presha hawezi kuisubiri serikali iamke, na hakuna sheria inayotuzuia kumlipia huku tukiendelea kumpigia kelele mbunge wa Bonchari na mwakilishi wa wadi. Wengine watauliza kuhusu asiye wa kanisa lolote. Swali zuri. Dorkasi wana orodha yao, jumuiya ina yake, usharika wa Itierio una yake, na mtu aliyeacha kanisa miaka ishirini iliyopita kwa ugomvi wa ardhi hayumo katika yoyote. Mwandikeni mahali fulani. Darasa litakalomchukua halitapungukiwa na kitu.

Na kabla hamjakusanya shilingi, kuna kazi ya vijana. Wazee wengi hawajasajiliwa kabisa, au wamesajiliwa na hawajakamilisha maswali ya kukadiriwa, kwa hiyo mfumo haujui watalipa ngapi. Kijana mwenye simu anaweza kupiga *147#, akamsomea nyanya maswali moja moja: kitambulisho, wategemezi, paa la nyumba, maji, jiko. Aende na nyanya mwenyewe akiwa ameketi karibu, kitambulisho mkononi, asijibu kwa kukisia. Kama nyanya hana simu, atumie ya mtu wa nyumbani, si ya kwake yeye kijana, maana akihamia Nairobi ujumbe wa hospitali utamfuata huko. Na amweleze taratibu, kwa Ekegusii, kwamba kusajiliwa peke yake hakutoshi, na akilazwa hospitalini kabla ya malipo kuingia, SHA haitamlipia.